Printa ya nyumbani: Hesabu kurasa kabla ya kuhesabu fedha

Msimu wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, fedha huingia Sapiwi na kata nyingine za wilaya ya Bariadi kwa mkupuo mmoja. Ndipo bati, pikipiki, ng'ombe na vifaa vya umeme vinapopata wateja. Miongoni mwa vifaa hivyo siku hizi ipo printa, mashine ambayo miaka ya 1990 ilionekana katika ofisi kubwa tu, wakati shule zetu nyingi zikitegemea taipureta na stensili.

Hitaji lipo. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu hujaza fomu kwa mtandao, lakini hulazimika kuichapa, kuipeleka kwa mdhamini na kwa kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji isainiwe, kisha kuirudisha mtandaoni ikiwa imesainiwa. Mwalimu ana majaribio ya kila mwezi. Katibu wa AMCOS ana taarifa za mkutano. Mwenye kibanda cha biashara anataka ankara zenye jina lake.

Hata hivyo, kuhitaji karatasi iliyochapwa si sawa na kuhitaji printa. Mkulima anayelipa kwa pamba anapaswa kuipima mashine kwa kilo. Tuseme printa inauzwa shilingi 400,000. Mwaka 2022 msimu ulipofunguliwa kwa bei elekezi ya shilingi 1,560 kwa kilo, printa hiyo ilikuwa sawa na kilo 256 za pamba. Mwaka 2023 bei elekezi ilipokuwa shilingi 1,060, ilikuwa sawa na kilo 377. Mashine ni ile ile, lakini mkulima ametoa kilo 121 zaidi. Mzigo wa namna hiyo hautolewi ghalani kwa sababu jirani naye anayo.

HESABU YA KWANZA: STESHENARI AU NYUMBANI?

Bei zifuatazo ni za mfano. Msomaji aweke za dukani kwake, njia ya kukokotoa haibadiliki.

Tuseme steshenari inatoza shilingi 200 kwa ukurasa mweusi. Nyumbani, bunda la karatasi 500 kwa shilingi 14,000 ni shilingi 28 kwa karatasi. Tona ya shilingi 40,000 inayochapa kurasa 1,600 ni shilingi 25 kwa ukurasa. Jumla ni shilingi 53, hivyo kila ukurasa unaochapwa nyumbani unaokoa shilingi 147. Ili kurudisha shilingi 400,000 za mashine, lazima zichapwe kurasa zipatazo 2,700.

Sasa tuangalie nani atazifikia. Familia inayochapa kurasa 40 kwa mwezi itarudisha fedha yake baada ya miaka mitano na miezi minane. Mwalimu anayechapa kurasa 250 kwa mwezi atairudisha kabla ya mwaka kwisha. Huyu wa pili anunue. Huyo wa kwanza afikiri tena.

Lakini kwa mtu wa Sapiwi ipo nauli. Ikiwa familia hiyo ya kurasa 40 inakwenda Bariadi mjini mara mbili kwa mwezi kwa ajili ya kuchapa tu, na kila safari inagharimu shilingi 4,000 kwenda na kurudi, mwaka mzima ni shilingi 96,000. Ukiongeza nauli hiyo, mashine inajilipa kwa miaka miwili na miezi mitano hivi. Ikiwa safari ingefanyika hata bila kuchapa, kwa mfano kwenda sokoni au benki, nauli hiyo isihesabiwe.

Mwenye matumizi madogo, na aliye na steshenari karibu, hana haja ya kuona aibu. Aendelee kuchapa kwa jirani na fedha yake aielekeze kwenye pembejeo.

WINO UNAKAUKA, TONA HAIKAUKI

Kwa aliyeamua kununua, sokoni kuna aina mbili kuu. Printa ya leza ya HP ilitoka mwaka 1984 kwa dola 3,495 za Marekani, na mwaka 1988 ikafuata DeskJet ya wino kwa bei iliyokaribia dola 1,000. Bei zimeshuka mno tangu hapo, lakini tofauti ya utendaji wake haijabadilika.

Printa ya wino hurusha matone kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele. Wino huo una maji. Mashine ikikaa wiki kadhaa bila kazi, maji hukauka na vitundu huziba. Mwenye printa huamuru mashine ijisafishe, na kujisafisha huko hunywa wino. Uchafu wa wino huo hukusanywa katika sponji iliyomo ndani. Sponji ikijaa, mashine nyingi hugoma kufanya kazi mpaka fundi aibadilishe.

Printa ya leza haitumii wino bali tona, yaani unga mkavu unaoyeyushwa kwa joto juu ya karatasi. Unga haukauki kwa kuwa tayari ni mkavu. Mashine inaweza kukaa tangu mwezi wa palizi hadi mavuno, na siku ikiwashwa ikachapa ukurasa safi. Kwa mtu wa matumizi ya mara moja moja, hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Wapo watakaosema printa za matanki ndizo nafuu. Ni kweli kwa ukurasa mmoja mmoja. Chupa nyeusi ya mililita 65 ya Epson za matanki, kama L3110, hutajwa na kiwanda kuwa inachapa kurasa 4,500. Lakini familia ya kurasa 40 kwa mwezi itaimaliza chupa hiyo baada ya miaka tisa na zaidi. Unafuu huo unamfaa mwenye kazi ya kila siku, kama steshenari yenyewe.

MTEGO WA PRINTA YA BEI YA CHINI

Kundi la tatu ni printa ndogo za wino zinazotumia katriji. Hizi ndizo rahisi kuliko zote dukani, na wahenga walishasema rahisi ni ghali. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 305, kwa mfano, hukadiriwa kuchapa kurasa 120 tu. Ikiwa katriji ya namna hiyo itauzwa shilingi 35,000, ukurasa mmoja ni shilingi 292 kabla ya karatasi. Mwenye mashine atakuwa anachapa nyumbani kwa bei kubwa kuliko steshenari ya shilingi 200.

Zina nafuu moja. Katika nyingi, vitundu vya wino vimo ndani ya katriji yenyewe, hivyo vikiziba unanunua katriji mpya na mashine inapona. Nafuu hiyo nayo ina bei yake.

UMEME NAO UNA NENO

Leza ina udhaifu wake, nao ni umeme. Ili kuyeyusha tona, huvuta mamia ya wati, na wakati wa kupasha joto huvuta zaidi kwa muda mfupi. Inveta ndogo ya sola inayowasha taa na televisheni haitaweza. Hata kwa mwenye UPS, leza isichomekwe kwenye tundu za betri.

Printa ya matanki kama L3110 hutumia takriban wati 14 ikichapa. Kwa hiyo nyumba isiyo na umeme wa TANESCO, yenye sola ya kawaida, haina uchaguzi mwingine isipokuwa wino. Mwenye nyumba hiyo ajiwekee sheria ya kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Karatasi 52 kwa mwaka ni gharama ndogo kuliko kichwa cha printa kilichoziba.

Aidha, printa ya wino izimwe kwa kitufe chake, isizimwe ukutani. Ikizimwa kwa kitufe, kichwa hurudi mahali pake na kufunikwa kwa mpira ili kisikauke. Ikikatwa umeme ghafla, kichwa huweza kubaki wazi. Kwa kiangazi chetu chenye vumbi, mashine ya aina yoyote ifunikwe kwa kitambaa. Wakati wa mvua ichomolewe radi zinapoanza, na karatasi zihifadhiwe ndani ya mfuko wake, kwa kuwa karatasi yenye unyevu hukwama.

MAMBO YA KUULIZA DUKANI

Mnunuzi asitoe fedha kabla ya kupata majibu ya maswali haya:

1. Tona au wino wake unapatikana Bariadi, au ni mpaka Mwanza? Mashine ambayo chakula chake hakipo sokoni ni pambo la mezani.

2. Tona iliyomo ndani ya boksi ni kamili? Nyingi huja na tona ya kuanzia. Canon LBP6030 huja na ya kurasa 700, wakati ile ya dukani ni ya kurasa 1,600. Ikumbukwe pia kuwa hesabu za kiwanda ni za ukurasa wenye maandishi machache. Mtihani wenye michoro na majedwali utakula zaidi.

3. Inachapa kutoka kwenye simu? Nyumba nyingi zina simu na hazina kompyuta. L3110 haina Wi-Fi, L3150 inayo. Herufi au tarakimu moja kwenye jina hubadilisha mambo.

4. Inaskani? Fomu iliyosainiwa inayotakiwa kurudi mtandaoni huhitaji skana, ingawa kamera nzuri ya simu mara nyingi hutosha.

5. Ina masharti ya intaneti? Baadhi ya printa za HP zenye jina linaloishia na herufi "e" ziliuzwa kwa sharti la kuunganishwa na intaneti muda wote na kutumia katriji halisi za HP pekee. Pasipo na mtandao wa uhakika, ziachwe.

6. Ni mtumba kutoka nje? Baadhi ya mashine hukubali katriji za ukanda zilikouzwa tu. Zinaweza kuwa nzima kabisa na bado zikakataa katriji ya hapa nchini.

Mnunuzi adai risiti, aandikiwe dhamana, na aombe mashine ichape kurasa zake mwenyewe mbele yake.

MSIMAMO WA SOKO

Kwa ufupi, mwenye umeme wa gridi na kazi ya maandishi meusi ya hapa na pale, leza ndogo isiyo na rangi ndiyo inayomfaa. Mwenye sola, au mwenye kazi ya rangi ya kila wiki, achukue ya matanki na aichape bila kuiacha ilale. Picha chache za rangi za mwaka mzima zipelekwe studio.

Na kwa familia ya kurasa 40 kwa mwezi yenye steshenari jirani, soko linasema subiri. Msimu hadi msimu bei ya pamba hupanda na kushuka, na kilo 377 zilizobaki mkononi zinaweza kulipa ada, mbegu au dawa ya shamba. Printa iliyokauka wino haiwezi kurudishwa ghalani.