Juri ya Watu Kumi na Wawili: Je, Huhukumu kwa Haki?

Wako wengi wanaoisifu desturi ya Waingereza ya kumhukumu mshtakiwa kwa juri, yaani watu 12 waliochaguliwa katika raia, ambao si mahakimu wala hawakusoma sharia. Jaji huwaeleza sharia. Amma kama mshtakiwa ametenda kosa au hakulitenda, hilo huamua wao. Wenye kuisifu husema kwamba hukumu ya namna hii hainunuliki wala haitishiki, kwani watu 12 si mtu mmoja. Basi na tulipime neno hili, ndugu msomaji, kwa mambo yaliyopata kutokea.

Sifa hiyo ina asili yake. Mwaka 1670, mjini London, William Penn na William Mead walishtakiwa kwa sababu ya mkutano wa dini uliofanywa barabarani. Mahakimu walitaka watiwe hatiani, juri ikakataa. Watu hao 12 wakafungiwa bila ya chakula, bila ya maji wala moto, na walipozidi kushikilia neno lao wakatozwa faini. Waliokataa kulipa wakapelekwa gerezani. Mmoja wao, Edward Bushel, alilipeleka shauri lake mbele, na Jaji Mkuu Vaughan akaamua kwamba mtu wa juri haadhibiwi kwa ajili ya hukumu aliyoitoa. Hilo ni jambo kubwa, na hatuwezi kulikana.

Lakini kutomwogopa mtawala ni jambo moja, na kuujua ukweli ni jambo jingine. Usiku wa tarehe 19 Aprili 1989, mjini New York, mwanamke aliyekuwa akikimbia kwa mazoezi katika bustani ya Central Park alipigwa na kunajisiwa hata akawa mahututi. Walishtakiwa vijana watano wa miaka 14 hadi 16, wanne weusi na mmoja wa asili ya Kihispania. Katika hao alikuwamo kijana Mwislamu wa miaka 15, Yusef Salaam. Vijana hao walihojiwa saa nyingi, na wanne wao wakakiri mbele ya kamera. Salaam hakutia sahihi yake popote. Polisi ndiye aliyekuja kusema mahakamani kwamba alikiri kwa mdomo. Magazeti ya mji yalikuwa yamekwisha kuwaita kundi la mbwa mwitu.

Tena juri iliyomhukumu Salaam haikuwa ya Wazungu watupu, isije ikasemwa kwamba ubaya wote ulikuwa ni rangi. Walikuwamo weupe, weusi na wengineo. Walielezwa waziwazi kwamba kipimo cha vinasaba hakikuonyesha kwamba mbegu za kiume zilizopatikana ni za yeyote katika watano hao. Wakashauriana siku kumi. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 1990, wakamtia hatiani Salaam na wenziwe wawili. Juri nyingine ikawatia hatiani wawili waliosalia. Salaam alikaa kifungoni karibu miaka saba.

Mwaka 2002 mtu mwingine kabisa, Matias Reyes, aliyekuwa tayari amefungwa kwa makosa mengine, alikiri kwamba ni yeye aliyefanya uovu ule peke yake, na kipimo cha vinasaba kikamsadikisha. Mwezi wa Desemba mwaka huo hukumu za vijana wote watano zilifutwa. Mwaka 2014 mji wa New York ulikubali kuwalipa dola milioni 41, na mwaka 2023 Salaam alichaguliwa kuwa diwani wa mji uleule.

Ilikuwaje basi watu 12 wenye nia njema wakapotea? Kwa maoni yetu, waliiamini ikirari kuliko kipimo, kwani mtu wa kawaida hawezi kufikiri kwamba mtoto aweza kukiri asilolitenda kwa sababu ya hofu na uchovu tu. (Mafakihi wetu wengi walikwisha kusema zamani kwamba ikirari iliyotolewa kwa kulazimishwa haifai kitu.) Tena juri haitoi sababu. Hutoka chumbani, ikatamka neno moja au mawili, ikaenda zake. Mshtakiwa hajui ni ushahidi gani uliomwangusha, na wakili wake hana hoja ya kuijibu.

Huku kwetu, zama za ukoloni, sharia ya Kenya ilimpa Mzungu juri ya Wazungu wenziwe. Juri ya namna hiyo ndiyo iliyomwachilia Sir Jock Delves Broughton mjini Nairobi mwaka 1941, aliposhtakiwa kwa kumwua Lord Erroll. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyeketi pamoja na wazee wa baraza, na jaji hakulazimika kuyafuata maoni yao. Wazee hao nao waliondolewa mwaka 2007. Tangu hapo jaji wa Kenya huamua peke yake, lakini sababu zake huziandika, na asiyeridhika huzichukua karatasi hizo akaenda nazo kwenye Mahakama ya Rufani.