Amplifaya na spika za umeme: Tundu moja laweza kula faida ya safari nzima

MFANYABIASHARA anayenunua vifaa vya muziki Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na kuvipeleka Lubumbashi kwa barabara ya Zambia, huvuka mpaka wa Tunduma na ule wa Kasumbalesa kabla mteja wake hajafungua boksi. Kifaa kikiungua siku ya kwanza, kukirudisha dukani ni nauli nyingine ya mzigo, na waranti ya duka mara nyingi haimfuati mteja wa nchi ya pili.

Lipo kosa moja linalounguza vifaa hivyo ambalo kuliepuka hakuna gharama. Nalo ni kuunganisha amplifaya ya nyumbani na spika zenye umeme wake kwa kutumia matundu yasiyohusika. Muuzaji akilielewa, anaweza kumwelekeza mteja kwa dakika chache kabla mzigo haujafungwa.

Aina mbili za spika

Spika ya kawaida haichomekwi ukutani. Nguvu yote inaipata kutoka kwenye amplifaya kwa waya mbili, aghalabu nyekundu na nyeusi.

Spika ya umeme ni tofauti, kwa kuwa amplifaya yake imo ndani ya boksi. Dalili zake ni waya wa umeme, swichi ya kuwashia na kitufe cha kuongeza sauti. Sabufa nyingi zinazouzwa madukani Afrika Mashariki ni za namna hii: boksi kubwa ndilo lenye amplifaya, na spika ndogo za pembeni hupata nguvu kutoka humo.

Spika ya umeme, kwa hiyo, haihitaji nguvu kutoka nje. Inahitaji sauti ndogo tu, ambayo itaikuza yenyewe.

Kwa nini inaungua

Nyuma ya amplifaya kuna matundu yaliyoandikwa SPEAKERS. Hayo yametengenezwa kusukuma spika za kawaida. Amplifaya ya wati 50 inayoendesha spika ya ohm 8 hutoa takriban volti 20 ikifunguliwa hadi mwisho.

Upande wa pili, tundu la LINE IN au AUX la spika ya umeme hutarajia wastani wa volti 0.3 hivi. Deki ya CD, ambayo sauti yake ni kubwa kuliko ya vifaa vingi, hufikia kama volti 2. Mtu akichukua waya za SPEAKERS na kuzifunga kwenye pini ya RCA ili ziingie kwenye LINE IN, anapeleka volti mara kumi ya hizo za deki. Sauti hukwaruza, na saketi ya kupokelea inaweza kuungua.

Hatari ya pili iko kwenye amplifaya yenyewe. Kuna amplifaya ambazo waya mweusi wa spika si wa ardhi. Waya zote mbili zinabeba umeme wa sauti. Waya huo ukigusana na ardhi ya spika ya umeme, inatokea shoti na amplifaya ndiyo inayokufa. Redio nyingi za magari zimetengenezwa hivyo. Dereva anayetoa redio kwenye gari na kuifunga kibandani pamoja na sabufa anapaswa kuwa makini zaidi.

Matundu yanayofaa

Kwanza ni PRE OUT. Hapa sauti hutoka kabla ya kuongezwa nguvu, na kitufe cha sauti cha amplifaya kinaendelea kuitawala. Waya unaotumika ni ule wa pini nyekundu na nyeupe uliozoeleka kwenye deki za DVD.

Pili ni REC OUT au LINE OUT. Haya nayo ni salama, lakini kwa kawaida kitufe cha sauti cha amplifaya hakiyagusi. Sauti inaongezwa na kupunguzwa kwenye spika.

Tatu ni PHONES, yaani tundu la hedifoni. Linatumika pale ambapo mengine hayapo, sauti ikianzia chini kabisa na kupandishwa taratibu.

Kama amplifaya ina SPEAKERS peke yake, hutafutwa kifaa kidogo cha kupunguza nguvu ya sauti, kama kile ambacho mafundi wa redio za magari hutumia. Aidha, baadhi ya sabufa zina sehemu iliyoandikwa HIGH LEVEL INPUT, ambayo imeandaliwa kupokea waya za spika moja kwa moja.

Hata hivyo, mteja anayetaka kusikiliza simu, televisheni au king'amuzi huenda hahitaji amplifaya kabisa. Vifaa hivyo vikiwa na tundu la sauti, vinaunganishwa na spika ya umeme bila kupitia popote.

Kabla ya kuwasha

Waya zichomekwe vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Amplifaya iwashwe kwanza na spika iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, spika ndiyo itangulie. Mngurumo mfululizo ukisikika, vifaa vyote viwili vichomekwe kwenye ekstensheni moja.

Volti za umeme nazo zisomwe. Spika ya kawaida haijali umeme wa nchi inakokwenda, lakini spika ya umeme inajali. Bidhaa iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ya Marekani volti 120, wakati umeme wa majumbani Afrika Mashariki, Zambia na Kongo ni kati ya volti 220 na 240. Isipokuwa na swichi ya kubadili volti, itahitaji transfoma.

Kwa mfanyabiashara, kazi yote inaishia kwenye mambo matatu: kugeuza kifaa na kusoma maandishi ya nyuma, kuvijaribu vikiwa pamoja dukani kabla ya kulipa, na kuandika kwenye ankara kama spika ni ya kawaida au ya umeme. Waya sahihi ukiwekwa ndani ya boksi lilelile, mteja wa ng'ambo ya mpaka hatakuwa na sababu ya kubahatisha.