Kibati kilichodondoka kwenye ekzosi

Huku Kenyamonta, wilayani Serengeti, ekzosi inajulikana zaidi kwa kovu. Abiria anashuka kwenye bodaboda harakaharaka, mguu wa kulia unagusa bomba, na kigimbi kinabaki na alama. Bomba hilo lilitoka kiwandani na kibati cha kukinga joto, kimefungwa kwa skrubu. Barabara ya vumbi ikazilegeza, kibati kikadondoka, na dereva hakuona haja ya kukirudisha. Pikipiki si inatembea?

Vijana wanaopenda magari wao wanataka makubwa zaidi: kuzungushia manifodi na mabomba yake utepe wa fibaglasi, kama wanavyoona kwenye magari ya mashindano. Utepe huo una kazi, sikatai. Injini ya petroli ikipanda mlima na mzigo, moshi unaotoka kwenye silinda unaweza kuzidi nyuzijoto 700. Joto hilo likibaki ndani ya bomba, moshi unatoka kwa kasi, na nyaya na mipira iliyo chini ya boneti inapona.

Lakini gari la mashindano hukaguliwa kila baada ya mbio. Noah ya abiria wa Mugumu inafunguliwa ikishagoma. Mvua na tope vinaingia kwenye utepe, maji yanakaa juu ya chuma, kutu inakula chini kwa chini, na ufa ukitokea hauonekani. Tena oili ikivuja juu yake, utepe unainyonya kama utambi. Hapo unatafuta moto.

Kwa maoni yangu, kibati kinatosha. Siri yake ni ile nafasi ndogo kati yake na bomba: hewa inayopita hapo ndiyo inayopunguza joto. Fundi anaweza kukikata mwenyewe, ila asitumie bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi, na likichomelewa moshi wake humletea fundi homa na kutetemeka. Chuma cheusi kinafaa, na skrubu ziwekewe washa za springi ili mtikisiko usizifungue tena.

Wenye magari nao wana lao, hasa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Ukitoka safari ndefu, usipaki juu ya nyasi ndefu zilizokauka. Ekzosi yenye moto inaweza kuziwasha wewe ukiwa bado unanunua soda, na gari likaungua pamoja na shamba la jirani.

Na aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya taa na samli viacheni; lengelenge lisitumbuliwe, na jeraha likiwa kubwa aende zahanati.

Ndugu zangu wa bodaboda, rudishieni vibati. Abiria wenu wengi ni akina mama na wanafunzi, na miguu yao haina kinga.