PLASTIKI UNAYOUZA IMETENGENEZWAJE? JUA HAYA KABLA HUJAPOSTI

Naanza na hasara yangu. Mwaka jana niliposti chupa za plastiki angavu, nikaandika "zinahimili moto". Mama mmoja wa huku huku Kikuyu, Dodoma, akanunua, akamwekea mwanawe uji wa moto. Chupa ikajikunja! Nilirudisha hela yake, lakini mteja hakurudi tena. Siku hizi kila bidhaa naigeuza chini kwanza, ndipo napiga picha.

1. KUSINDILIA
Plastiki iliyoyeyushwa inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, mafundi wanaita moldi. Ndoo, beseni, viti na vifuniko vinatoka hivi. Chini ya ndoo utaona kinundu kidogo: ndipo plastiki ilipoingilia. Kagua kingo, na jaribu kifuniko kama kinakaa.

2. KUPULIZA
Kwa dumu, bomba laini la plastiki ya moto linabanwa na kalibu, kisha linapulizwa hewa kama puto. Ndiyo maana lina mshono chini, na mshono ukiwa mbovu linavuja hapo. Lijaze maji, liache usiku kucha.

Chupa ya maji ni tofauti kidogo. Kwanza kinasindiliwa kichupa kidogo kinene, kisha kinapashwa moto, kinavutwa na kupulizwa. Plastiki iliyovutwa hivyo ikikutana na joto kali inataka kurudi ilikotoka. Hiyo ndiyo siri ya chupa yangu kujikunja!

3. KUZUNGUSHA
Haya ni matangi ya maji. Unga wa plastiki unawekwa kwenye kalibu, inazungushwa huku na huku ndani ya tanuri mpaka unga uyeyuke na kushika kuta zote. Tangi linatoka zima, bila kiungo. Mteja mtajie lita, unene na uzito pia.

4. KUFYONZA
Shiti nyembamba inapashwa moto, inafyonzwa kwenye kalibu. Ndivyo zinavyotoka glasi za kutupa na vifuniko vya keki. Ukituma kwa basi, usiviweke chini ya mzigo.

MWISHO: tazama pembetatu chini ya chombo. Namba 1 ndiyo plastiki ya chupa za maji, usiisifie kwa moto. Namba 5 inavumilia joto zaidi, ila muulize aliyekuuzia jumla kabla hujaahidi. Kama hujui, mjibu mteja: "Subiri niulize, dada." Hujapoteza kitu.

Wewe bidhaa gani ya plastiki imewahi kukurudishia mteja mlangoni? Tuambie hapo chini, wenzako wajifunze.