Mtwapa si Mombasa: Majina ya mazoea na mipaka ya kaunti

Mgeni kutoka bara akisema anakwenda "Mombasa", mara nyingi ana maana ya Pwani nzima. Akishatua uwanja wa ndege wa Moi ndipo anagundua kuwa hoteli yake iko Watamu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kuelekea kaskazini, na kwamba Malindi ina uwanja wake wa ndege. Dereva wa teksi, bila shaka, halalamiki.

Chanzo si kigeni. Kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka wa 2013, Mombasa ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na jina la mji likazoeleka kuubeba mkoa wote. Wafanyabiashara wa utalii nao wakaongeza yao. Fuo za Diani, zilizo Kwale, zikawa "South Coast". "North Coast" ikaanzia Nyali, Bamburi na Shanzu, ambazo ni Kaunti ya Mombasa, kisha ikavuka daraja la Mtwapa na kuingia kwetu Kilifi bila kupiga hodi.

Hapo ndipo kichwa humzunguka mgeni. Mtwapa ni "North Coast" kwa wenye hoteli na "Mombasa" kwa Wanairobi, lakini eneo bunge lake ni Kilifi Kusini. Kaskazini na kusini kwa wakati mmoja!

Malindi huitwa "Little Italy" kwa sababu ya Waitaliano waliowekeza na kuhamia huko. Ni Malindi yenyewe, si mtaa fulani ndani yake. Hata "Kilifi" ni jina la mji na pia la kaunti, hivyo anayesema yuko Kilifi anaweza kuwa Ganze au Mariakani.

Kwa mwenye duka Mtwapa, jambo hili lina gharama. Leseni ya biashara hulipwa kwa Kaunti ya Kilifi, hata kama bango la duka limeandikwa Mombasa. Risiti ya ng'ambo ya daraja haimwondolei deni huku.

Unapoita ambulensi au zimamoto, anza kwa kutaja kaunti, kisha wadi, halafu alama iliyo karibu: shule, msikiti, kanisa au steji ya matatu. Ukisema "niko North Coast", gari linaweza kutafutwa upande usio wako wa daraja.