Mtoto Anapomkimbia Nyanya Yake

Desemba moja, baada ya safari ya usiku kucha kutoka Nairobi, tulifika nyumbani Bungoma pamoja na kitinda mimba wetu, wakati huo akiwa na umri wa miaka minne. Mama yangu mzazi alikuwa ameketi barazani tangu alfajiri akitungojea. Alipomwona mjukuu alijiinua kwa mkongojo, akatandaza mikono, akapaza sauti kama ilivyo desturi ya mtu ambaye masikio yake yamekuwa mazito: "Mke mwenzangu amekuja!" Mtoto aliangua kilio, akajificha nyuma ya gauni la mamaye.

Nilitenda watendavyo wazazi wengi. Nilimshika mkono nikamburuta mbele. "Msalimie nyanya! Hii ni adabu gani?" Kilio kikazidi. Mama alirudi kuketi taratibu, akasema kwa Kibukusu kwamba labda ni yeye aliyezeeka vibaya.

Maneno hayo hayajanitoka moyoni hadi leo. Je, ndugu msomaji, ni nani aliyekosa hapo? Si nyanya, na kwa hakika si mtoto. Mtoto wa miaka minne alikutana ghafla na jicho lililofunikwa na ukungu mweupe wa mtoto wa jicho, kinywa kisicho na meno ya mbele, harufu ya ugoro, na sauti kubwa inayotamka lugha asiyoielewa. Hakuna aliyemwandaa. Kisha babaye mwenyewe akamtaka aonyeshe mapenzi kwa amri, mithili ya askari apigaye saluti. Woga wake haukuwa utovu wa adabu. Ulikuwa ugeni mtupu, na wageni tuliwafanya sisi wazazi.

Liangalie hilo neno "mke mwenzangu". Katika jamii nyingi za Kenya, babu na nyanya huwatania wajukuu kama marika wao. Mjukuu wa kiume huitwa mume, wa kike huitwa mke mwenza, na mambo ambayo mtoto hathubutu kumwambia babaye humwambia babu pasipo kusita. Utani huo ndio daraja lenyewe kati ya vizazi viwili. Lakini utani hauna ladha kwa asiyejua lugha yake. Mtoto wa mjini husikia kelele tu.

Hapa shule nayo inaingia. Ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao katika madarasa matatu ya kwanza, na Mtaala wa Umilisi ulioanza kutumika kote nchini mwaka 1919 + 100, yaani 2019, ukatenga somo la lugha za kiasili. Hata hivyo, mjini ambako darasa moja lina watoto wa makabila kumi, mwalimu hawezi kuwafundisha wote lugha za nyanya zao. Kazi hiyo ni ya nyumbani, na wazazi wengi tumeitupa tukiona fahari mtoto akizungumza Kiingereza pekee.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Hadithi tunazowasimulia watoto aghalabu humpa ajuza mwenye mkongojo nafasi ya mchawi. Twacheka. Ilhali katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma huko Ganze. Sisemi kwamba hadithi ya darasani ndiyo iliyonoa panga hilo. Nasema kwamba mtoto aliyezoea kumwona mkongwe kuwa kiumbe wa kutisha ana safari fupi kuelekea uvumi huo.

Narudi barazani kwetu. Kesho yake hatukumsukuma mtoto. Mama aliketi na ungo wa njugu karanga akibambua maganda, bila kumwita wala kumtazama sana. Mtoto alisogea kwa hamu ya karanga. Kabla ya adhuhuri alikuwa akibambua naye, akiharibu nyingi kuliko alizotoa. Siku ya tatu alilijua neno "kukhu", yaani nyanya, na salamu ya "mulembe". Kabla ya safari iliyofuata tulimwonyesha picha, tukamweleza kwamba jicho moja la kukhu halioni vizuri na kwamba sauti kubwa si hasira. Aliuliza yalikokwenda meno yake. Zamani ningemkemea, safari hii nilimjibu. Mama naye tulimwomba angoje ajiwe, jambo alilolikubali kwa shingo upande.

Walimu wenzangu, insha ya "Nyanya Yangu" tumeisahihisha hadi tukachoka, nayo hurudi ile ile ya mvi na hadithi za jioni. Mbona tusimtume mwanafunzi likizoni akaulize jina la chombo kisichotumika tena, alete neno na maelezo yake? Nanyi wanafunzi, wadogo zenu huwatazama. Mkiketi mbele ya babu macho yakiwa kwenye simu, nao watajua mzee huyo hana la kusikilizwa.

Binti yetu siku hizi hutangulia kuishika simu Jumapili jioni. "Mulembe, kukhu!" hupaza sauti hadi majirani wakashtuka, kwani amekwisha kuelewa kwamba masikio ya mke mwenziwe ni mazito.