Fahamu: Lini uvumbuzi wa kusawazisha ngazi huhesabiwa kuwa dhahiri?

Ngazi ikiegemezwa ukutani kwenye mteremko, mguu mmoja huelea, na wengi huusukumia tofali chini yake. Ni hatari. Ndiyo maana wavumbuzi wamebuni miguu inayorefushwa kisha kufungwa kwa pini. Je, kila mguu mpya unastahili hataza?

Nchini Marekani, kifungu cha 103 cha Sheria ya Hataza kinakataa uvumbuzi ambao ungekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani husika. Mwaka 1966, katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere, Mahakama ya Juu iliagiza yaangaliwe kwanza yaliyokuwapo kabla, tofauti iliyopo, na kiwango cha ujuzi wa mtu huyo.

Mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, iliyohusu pedali ya mafuta ya gari, mahakama hiyo ilisema kuunganisha vitu vinavyojulikana, matokeo yakiwa yanatabirika, huenda ni jambo dhahiri tu. Kwa hiyo pini ya kawaida kwenye mguu wa kawaida haina hoja yenye nguvu ya kupewa hataza. Mguu unaojisawazisha na kujifunga wenyewe kwa njia ambayo mafundi hawakuitarajia una hoja nzito zaidi.

Mtego mkubwa ni kuhukumu ukiwa umeshaona jibu, kwani hapo kila kitu huonekana rahisi. Mvumbuzi, eleza wazi kwenye ombi lako tatizo ambalo miguu ya awali ilishindwa kulitatua.